Ganzi na miguu kulegea wiki mbili baada ya chanjo: mnaanzia wapi?

TabibuWilayani

Wakuu, habari za kazi. Tuliweke sawa jambo ambalo kila kampeni ya chanjo ikipita linarudi mlangoni. Mtu mzima analetwa OPD (kwa wagonjwa wa nje): ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo kwa siku nne, jana alishindwa kuinuka kwenye kigoda, leo anashikiliwa na watu wawili. Ukigonga goti mguu hauruki. Ukiuliza, alichanjwa siku 16 zilizopita, na ndugu waliomleta walishatoa hukumu njiani.

Guillain-Barré (GBS), kinga ya mwili inaposhambulia neva, wote tumeisoma. Ninachotaka ni cha kufanyia kazi kwenye hospitali ya wilaya: mashine ya kupima umeme wa neva hakuna, IVIg (kingamwili za wachangiaji zinazopitishwa mshipani) haipo, hospitali ya rufaa ni saa tano kwa gari. Chanjo inahesabiwa ndani ya siku ngapi? Mgonjwa asafirishwe lini? Kuna wenzetu huanza dexamethasone (steroidi) wakati gari linasubiriwa, mnaonaje? Na ripoti ya chanjo, ijazwe hata kama hakuna hakika kwamba ndiyo chanzo?

MishipaYaFahamu

Tabibu, chanjo iweke pembeni kwa nusu saa ya kwanza. GBS iliyofuata chanjo na iliyofuata kuhara zinatibiwa vilevile, na kinachoua ni pumzi na moyo. Kesi ya sindano itasubiri.

Unachotafuta ni udhaifu wa pande zote mbili, kwa kawaida unaopanda kutoka miguuni, na rifleksi zilizopungua au kutoweka. Hali huendelea kushuka kwa siku hadi wiki nne, wengi hufika chini kabisa ndani ya wiki mbili. Maumivu ya mgongo na mapaja mara nyingi hutangulia, ndiyo maana wengine hufika wakiwa wameshachomwa diclofenac mara mbili kwa ajili ya "kiuno". Kabla hujaandika kwamba rifleksi hazipo, mwambie aunganishe vidole vya mikono miwili avute kwa nguvu, ndipo ugonge. Baadhi ya zile "hazipo" zinazoandikwa kwenye mafaili ni za mgonjwa aliyekaza mguu.

Chungulia uso pia. Udhaifu wa uso pande zote mbili pamoja na ganzi ya mikono na miguu ni sura mojawapo ya GBS, na ndiyo iliyoripotiwa sana baada ya chanjo za Uviko zinazobebwa na adenovirusi. Mtu akija na uso umelegea pande zote mbili usimwandikie kupooza uso kwa kawaida ukamruhusu kwenda nyumbani.

Sasa yanayofanana nayo. Ganzi yenye mpaka unaoweza kuuchora kifuani au tumboni, na mkojo uliogoma tangu siku ya kwanza: huo ni uti wa mgongo, piga picha, kifua kikuu cha mgongo kwetu ni kingi. Misuli iliyokaza na rifleksi zinazoruka kupita kiasi kwa mtu wa maeneo ya muhogo mchungu: fikiria konzo, kupooza kunakotokana na sumu ya muhogo huo. Mate, jasho na mboni zilizosinyaa: viuatilifu. Miguu iliyolegea ghafla usiku mmoja bila ganzi yoyote: pima potasiamu kabla ya kingine chochote. Na uliza kama aliumwa na mbwa miezi ya karibuni, kwa sababu kichaa cha mbwa kina sura ya kupooza ambayo humlaghai hata bingwa.

Maji ya uti wa mgongo wilayani yanawezekana, yachukue. Unatarajia protini juu na seli nyeupe chini ya 5. Lakini wiki ya kwanza, theluthi hadi nusu ya wagonjwa protini yao ni ya kawaida, kwa hiyo majibu "safi" siku ya nne hayamwondoi mtu kwenye GBS. Seli zikizidi 50, tafuta ugonjwa mwingine. Zikiwa kati ya 10 na 50, rudi kwenye kipimo cha VVU, kwa sababu GBS inaweza kujitokeza mapema kabisa kwenye maambukizi ya VVU, na hapo seli huwa nyingi kuliko kawaida yake.

Dexamethasone: hapana. Tumezoea kuipa kila kitu chenye neno "uvimbe", ila kwenye GBS steroidi zimejaribiwa na hazisaidii, na zile za vidonge zilionekana hata kuchelewesha kupona. Zaidi ya hapo unampandishia sukari na kumchanganya daktari atakayempokea.

Kuhusu rufaa, aliyepoteza uwezo wa kutembea peke yake ndani ya siku nne za dalili anasafiri leo. IVIg ina faida ikianza ndani ya wiki mbili tangu udhaifu uanze, kubadilisha plazma (kutoa majimaji ya damu yenye kingamwili na kuweka mengine) ndani ya wiki nne, na zote mbili mapema ni bora.

HesabuZaChanjo

Nijibu la siku. Dirisha linalotumika ni siku 42. Siku 16 iko katikati yake kabisa. Dalili zilizoanza saa sita baada ya sindano, au kesho yake asubuhi, ni za haraka mno kwa kinga ya mwili kutengeneza kingamwili za kushambulia neva. Hapo mara nyingi ugonjwa ulishaanza safari kabla ya chanjo.

Ila kuwa ndani ya siku 42 maana yake ni "inawezekana" tu. Fanyeni hesabu hii mara moja, itawasaidia kila kampeni. GBS hupata mtu 1 hadi 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, chanjo iwepo isiwepo. Chukua 1.5. Watu milioni moja, kwa mwaka, wagonjwa 15. Kwa siku 42, ni 15 × 42 ÷ 365, takriban 1.7. Kwa hiyo ukiwachoma watu milioni moja maji matupu, bado wawili hivi watalegea ndani ya wiki sita, na ndugu zao wataapa kwamba ni yale maji.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya yaliyotokea kweli. Marekani, Julai 2021, mamlaka ya dawa FDA iliweka onyo kwenye chanjo ya Uviko ya Janssen (Johnson & Johnson) baada ya ripoti zipatazo 100 za GBS kwa dozi milioni 12.5. Kwa bahati tu tungetarajia 21 au 22. Tofauti hiyo si ya kupuuza, na onyo lilistahili. Mwezi huohuo Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo hiyohiyo, ndiyo maana jambo hili si la Wamarekani peke yao. AstraZeneca, ambayo Kenya ilianza nayo Machi 2021, nayo ilikuwa na ongezeko: Uingereza walikokotoa karibu wagonjwa 6 wa ziada kwa dozi milioni moja za kwanza. Za mRNA, Pfizer na Moderna, hazikuonyesha ongezeko.

Mzizi wa hofu yote ni mwaka 1976. Virusi vya mafua ya nguruwe vilipatikana kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dix, New Jersey, na Marekani ikachanja zaidi ya watu milioni 40 kuanzia Oktoba. Tarehe 16 Desemba ilisimamisha kazi yote: kulikuwa na mgonjwa 1 hivi wa ziada kwa kila waliochanjwa 100,000, na janga lenyewe halikuja. Chanjo za mafua za sasa ziko mbali na hapo, 1 hadi 2 wa ziada kwa milioni pale wanapoonekana. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2013, ulipata kama 1 kwa milioni ya chanjo na 17 kwa milioni ya waliohudumiwa kwa mafua yenyewe. Januari 2025 FDA iliongeza onyo kwenye chanjo mbili za RSV (virusi vya njia ya hewa) za wazee, Abrysvo na Arexvy, wagonjwa 9 na 7 wa ziada kwa milioni. Chanjo ya HPV wanayopewa mabinti kuzuia saratani ya mlango wa kizazi: Uingereza waliichunguza kwa miaka, ongezeko halikuonekana.

Jambo moja linaloachwa sana kwenye historia ya mgonjwa ni kuhara. Theluthi mbili ya wagonjwa wa GBS waliugua kitu ndani ya wiki sita za nyuma, na kinara ni Campylobacter, bakteria wa kuku asiyeiva vizuri. Ganda lake lina sukari zinazofanana na zilizo kwenye utando wa neva, kinga ikimlenga yeye inaipiga na neva. Mtu akihara siku mbili akapona haoni kama aliugua, hatakuambia. Muulize kwa kutaja: "Ulihara? Ulikuwa na homa, mafua, kikohozi, mwezi huu au uliopita?" Andika tarehe.

Na ripoti unajaza, ndiyo. Fomu inasema "tukio baada ya chanjo", haisemi "lililosababishwa na chanjo". Kuamua chanzo ni kazi ya kamati, ambayo huangalia kama ni bidhaa yenyewe, ubora wake, kosa la uchanjaji, hofu ya sindano, au sadfa. GBS nyingi huishia kwenye "sadfa" au "muda unalingana ila ushahidi hautoshi". Usiposema kulikuwa na kuhara, kamati haina la kupima.

Sista_ICU

Naongeza la pumzi, maana hapa ndipo tunapowapoteza.

Oksijeni ya kidoleni inadanganya. SpO2 hubaki 97 huku mtu anachoka, ikianza kushuka umechelewa. Wenye spairomita (kipimo cha ujazo wa pumzi) wanafuata 20/30/40: ujazo wa pumzi chini ya ml 20 kwa kilo, nguvu ya kuvuta chini ya 30, ya kusukuma chini ya 40 (hizo mbili ni sm za maji), au kipimo chochote kushuka kwa asilimia 30 tangu jana. Huyo ni wa mashine.

Bila spairomita, mwambie avute pumzi hadi mwisho ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Tahadhari: vile viwango vya vitabuni ni vya mtu anayehesabu Kiingereza namba mbili kwa sekunde. Kiswahili "kumi na saba" peke yake ni silabi tano, mtu mzima mwenye mapafu mazima anaweza kuishia njiani. Kwa hiyo msihesabu kupita kumi: ahesabu moja hadi kumi, arudie tena moja hadi kumi, na wewe uandike jumla. Namba ya leo usiilinganishe na kitabu, ilinganishe na yake ya saa nne zilizopita. Aliyefika 28 asubuhi na 17 jioni anaelekea pabaya hata kama anatabasamu.

Kipimo kingine cha bure ni shingo. Alale chali, anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Misuli ya shingo na ya kupumulia huchoka pamoja. Akishindwa kukishikilia kichwa sekunde tano, msimpakie kwenye gari kabla daktari wa usingizi hajamwona.

Kumeza: vijiko vitatu vya maji akiwa amekaa. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, weka mpira wa kulishia, chakula cha mdomo basi. Presha na mapigo kila saa mbili, kwa sababu neva za moyo nazo zinaugua: presha 180 sasa, 80 baada ya robo saa. Msikimbilie kushusha kwa dawa ya kudumu, itaendelea kumshusha wakati yeye mwenyewe ameshaporomoka. Mapigo hushuka ghafla wakati wa kunyonya makohozi, atropini iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Heparini 5,000 chini ya ngozi kila saa 12 kwa asiyetembea, kumgeuza kila saa mbili, macho yasiyofumba yapakwe mafuta na kubandikwa usiku.

Mganzi

Dada Sista kasema yote, mimi nina moja tu. Mkimwekea mrija wa hewa, suxamethonium, ile dawa ya kulegeza misuli, ibaki kabatini. Kwa misuli iliyokatiwa neva, potasiamu inaruka na moyo unasimama mezani. Tumieni rocuronium. Na msafara wa saa tano bila mtu anayeweza kuweka mrija, bila ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa) na mtungi wa oksijeni uliohesabiwa lita zake, si rufaa.

MratibuWaChanjo

Mgonjwa akiwa chini ya miaka 15 utaratibu unabadilika. Kupooza kwa ghafla kwa ulegevu ni AFP, yaani hushukiwa polio mpaka maabara iseme vingine, hata kama daktari ana uhakika wa GBS kwa asilimia mia. Sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24, zote ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, gramu 8 hivi kila moja, kama ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Kisanduku cha barafu kisiwe kile cha chanjo. Joto lisizidi 8. Mtoto afuatiliwe siku ya 60. Kosa la kawaida ni kusubiri sampuli ya pili kwa kuwa mtoto hajaenda choo, siku ya 14 ikapita. Malawi ilithibitisha polio ya mwituni Februari 2022, na virusi vya polio vilivyogeuka kutoka kwenye chanjo ya matone vikaonekana Rukwa 2023, kwa hiyo hii si karatasi ya kupendezesha ofisi.

Pia tofautisheni mguu mmoja na miwili. Mtoto aliyechomwa sindano ya kalio akaamka mguu uleule umelegea, unyayo unaburuta, maumivu yakaanza palepale alipochomwa, huyo neva ya siatiki (neva kubwa ya mguu) imeguswa au dawa imemwagwa karibu nayo. Ndiyo maana chanjo za watoto wachanga huchomwa pajani, upande wa nje. AFP bado inaripotiwa, ila kwenye fomu andika sehemu ya sindano, aina ya dawa na saa.

Mkononi kuna mambo mawili yanayochanganywa. Sindano iliyopigwa juu mno begani inaingia kwenye kifuko cha kiungo: maumivu ndani ya saa 48, bega halinyanyuki, nguvu na hisia zipo. Uvimbe wa fungu la neva za bega ni kingine: maumivu makali ya usiku kwa siku au wiki, yakipungua ndipo misuli inalegea na kunyauka, na unaweza hata kutokea bega lisilochomwa. Pima vidole viwili chini ya ncha ya mfupa wa bega, mchomaji na mchomwaji wote wakae, la kwanza halitatokea.

TabibuWilayani

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Mgonjwa wa kilo 60, famasia ya mkoa inazo chupa 8 za IVIg za gramu 5. Tuanze nazo huku tukitafuta nyingine? Na akipona, chanjo nyingine anaruhusiwa?

Mfamasia_Mkoa

Gramu 0.4 kwa kilo kwa siku ni 24 kwa siku, siku tano ni 120. Chupa 8 ni gramu 40, hazimalizi hata siku mbili. Zianzeni pale tu mzigo uliobaki una tarehe ya kufika. Kuanza halafu kukatiza ni kumaliza fedha za familia bila dozi. Na asipewe IVIg leo kisha apelekwe kubadilisha plazma kesho, mtaiosha yote. Wenzetu wa Dhaka, Bangladesh, walijaribu kubadilisha plazma kidogokidogo kwa mfuko wa damu unaoning'inizwa seli zikae chini, wagonjwa 20, lengo lita 8 kwa siku 8, na ikaonekana inafanyika kwa usalama, ila inahitaji katheta safi na muuguzi asiyeondoka.

Kabla ya chupa ya kwanza, chukueni damu ya kreatinini (kipimo cha figo), VVU na homa ya ini. IVIg ni kingamwili za maelfu ya watu, ukipima baada yake unapima za wachangiaji. Chupa itoke kwenye friji iishe baridi yake mezani, usiitikise, inatoa povu. Kwa myeyusho wa asilimia 10 anza na kasi ya ml 30 kwa saa, kwa nusu saa ya kwanza, kisha pandisha taratibu kwa kufuata karatasi ya chupa hiyo. Akitetemeka au kichwa kikimgonga, rudi kwenye kasi ya mwanzo, wengi hutulia. Mwenye figo dhaifu asipewe aina iliyohifadhiwa kwa sukrosi.

Kuhusu chanjo: iliyotangulia GBS kwa siku zisizozidi 42, aina hiyo usiirudie bila kujadiliana na bingwa. Nyingine zinaendelea akishatulia. Surua-rubela isubiri miezi 11 baada ya dozi kamili ya IVIg, si kwa hatari bali kwa sababu kingamwili alizopewa zitaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ya homa ya manjano na matone ya polio haziguswi na hilo.

MratibuWaChanjo

Kadi yake ya chanjo ipigwe picha kabla hajaondoka, namba ya bechi isomeke, nakala iende TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania (wenzetu wa Kenya, PPB). Vichupa vya bechi hiyo vilivyobaki kituoni msivitupe wala msivitoe kwenye friji. Viwekeni kando, viandikwe "visitumike", mpaka wachunguzi wafike.